Dhahabu na Pete ya Kuchovya

Siku ya gulio nenda pale wanapouza vitu vidogo vidogo. Utakuta kanga imetandikwa chini. Juu ya kanga kuna vipuli, mikufu, bangili na pete. Vyote vinang'aa kwa rangi ya dhahabu. Jozi moja ya vipuli huuzwa kwa bei ya sahani ya wali.

Siku nyingine ukifika mjini, simama mbele ya duka la sonara. Nyuma ya kioo utaona vipuli vinavyofanana na vile vya gulioni. Umbo ni lile lile na rangi ni ile ile. Lakini bei yake ni ya mbuzi kadhaa, na pengine ya ng'ombe.

Anayenunua kwenye kanga anajua kuwa hanunui dhahabu. Anayenunua kwa sonara anajua kuwa ananunua dhahabu. Tabu iko katika duka la tatu. Duka hili lina kioo na taa kama la sonara, na muuzaji wake amevaa nadhifu. Bei yake haiko chini kama ya gulioni, wala haiko juu kama ya sonara. Je, kinachouzwa humo ni kitu gani? Maduka ya namna hii yamekuwa mengi, kwetu na katika nchi nyingine. Somo hili linaeleza yametoka wapi, na jinsi ya kujua unachonunua.

BANGILI MBILI

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa na bangili mbili. Ya kwanza aliirithi kwa mama yake. Ya pili aliinunua mwenyewe mjini, mwaka ambao ufuta wake ulipata bei nzuri. Alizifunga zote mbili katika kitambaa, akaziweka katika kopo chini ya nguo. Zilikuwa akiba yake. Wengine huweka akiba kwa mbuzi, yeye aliweka kwa bangili.

Siku moja mwanawe alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mguu. Ilitakiwa fedha ya hospitali. Mama akachukua kopo lake akaenda kwa sonara.

Sonara alichukua bangili ya kwanza akaisugua kidogo juu ya jiwe jeusi. Jiwe likabaki na mstari wa manjano. Akadondosha tone la tindikali juu ya mstari. Mstari haukubadilika. Akachukua bangili ya pili, akaikwangua kidogo kwa tupa upande wa ndani, akaisugua pale pale. Safari hii tone liligeuka rangi ya kijani, na mstari ukayeyuka ukatoweka.

"Mama," sonara alisema, "hii ni shaba. Imechovywa tu."

Yule mama alitoa stakabadhi aliyokuwa ameitunza pamoja na bangili. Sonara aliisoma. Iliandikwa: bangili 1, rangi ya dhahabu. Kisha akamwonyesha maandishi madogo sana upande wa ndani wa bangili: 18K GP. Wakati alipoinunua, jirani yangu alikuwa bado hajaanza kisomo. Muuzaji alimwambia kwa mdomo kuwa ni dhahabu, naye akaamini. Karatasi ilisema neno jingine, na bangili yenyewe ilisema neno jingine.

Wako watu watakaosema kuwa muuzaji hakukosa, kwa kuwa aliandika ukweli. Mimi sikubali. Mtu anayesema jambo moja kwa mdomo na kuandika jingine kwa mtu asiyejua kusoma ni mwizi. Mguu wa mtoto ulitibiwa kwa bangili ya bibi yake peke yake.

Sasa tuyaangalie yale maandishi. Kwanza tuanze na hiyo 18K.

KARATI

Chukua mkate ukaukate vipande 24 vilivyo sawa. Ikiwa vipande vyote 24 ni dhahabu, hiyo ni dhahabu ya karati 24, yaani dhahabu safi. Ikiwa vipande 22 ni dhahabu na 2 ni madini mengine, kama shaba na fedha, hiyo ni karati 22. Karati 18 ina vipande 18 vya dhahabu na 6 vya madini mengine. Herufi K inasimama badala ya neno karati.

Usidhani kuwa kuchanganya ni udanganyifu. Dhahabu safi ni laini. Pete ya dhahabu safi ingepinda na kukwaruzika mikononi mwa mtu anayeshika jembe na mchi. Masonara wamechanganya tangu zamani ili kuipa nguvu. Madini yanayochanganywa hubadili rangi pia: shaba nyingi huifanya dhahabu iwe nyekundu kidogo, na fedha nyingi huifanya ipauke.

Wengine hawaandiki karati. Huandika sehemu za dhahabu katika kila sehemu elfu moja. Karati 22 huandikwa 916. Karati 21 huandikwa 875, karati 18 huandikwa 750, karati 14 huandikwa 585, na karati 9 huandikwa 375. Namba 925 si ya dhahabu. Ni alama ya fedha.

Itazame tena ile karati 9. Katika vipande 24, vipande 15 si dhahabu. Zaidi ya nusu ni kitu kingine. Hata hivyo sheria ya Uingereza imeruhusu iitwe dhahabu tangu mwaka 1854, na Waingereza wengi wameoana kwa pete hizo. India na nchi za Ghuba hupenda karati 21 na 22. Masonara wengi wa pwani yetu ni wa koo zilizotoka Kachchh na Gujarat huko India, ndiyo maana wazee wetu wa pwani nao walizoea dhahabu ya karati za juu.

BEI IMEPANDA

Dhahabu hupimwa duniani kwa aunsi. Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31 na kidogo. Tangu mwaka 1934 serikali ya Marekani iliiwekea dhahabu bei isiyobadilika, dola 35 kwa aunsi. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon aliacha kutoa dhahabu kwa nchi nyingine kwa bei hiyo. Tangu hapo bei ya dhahabu imekuwa kama mtumbwi uliofunguliwa kamba. Januari 1980 ilifika dola 850. Halafu ilishuka, na mwaka 2001 ilikuwa chini ya dola 300. Mwaka 2011 ilipita dola 1,800. Mwaka 2020 ilipita 2,000. Mwaka 2025 ilipita 3,000 mwezi Machi, na mwezi Oktoba ikapita 4,000.

Namba hizi ni kubwa na ziko mbali nasi, kwa hiyo tuzilete karibu. Mwaka 2001 mtu mwenye dola 100 aliweza kupata zaidi ya gramu 10 za dhahabu safi. Hiyo ni pete nzito na vipuli juu yake. Oktoba 2025, dola 100 hazikutosha hata gramu moja. Kwa fedha ya Tanzania, gramu moja ilikuwa zaidi ya shilingi 300,000.

Na sisi dhahabu tunayo ardhini. Mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2000, na Chunya watu walichimba tangu wakati wa Mwingereza. Lakini kuwa na mgodi karibu hakumfanyi mtu anunue dhahabu kwa bei rahisi. Tangu mwaka 2019 wachimbaji wadogo wa Tanzania wana masoko ya madini ya kuuzia dhahabu yao, na bei ya huko hufuata bei ya dunia. Mchimbaji hatampunguzia jirani yake kwa kuwa wanateka maji kisima kimoja.

Basi mfikirie mwenye duka la mapambo. Wateja wake wanakuja na fedha ile ile ya mwaka jana. Dhahabu haiji kwa bei ya mwaka jana. Atafanya nini?

Kwanza, anaweza kupunguza uzito. Mkufu unakuwa na tundu ndani kama mrija. Pete inakuwa nyembamba. Ukiitazama ni kubwa, ukiishika ni nyepesi. Pili, anaweza kushuka karati, kutoka 22 hadi 18, kutoka 18 hadi 14, mpaka 9. Tatu, anaweza kutengeneza pambo kwa shaba au fedha, kisha kulivika dhahabu juu. Hapo ndipo tunapata ile pete ya kuchovya. Nne, anaweza kuiacha dhahabu kabisa na kuuza madini mengine kwa majina yake.

Njia zote nne ni halali, mradi mteja aambiwe. Ubaya unaanza pale mteja anapolipa bei ya njia moja akapewa kitu cha njia nyingine.

AMRI NA BEI

Hapa nataka kusimulia habari ya India, kwa sababu inaonyesha jinsi watu wanavyoipenda dhahabu.

Mwezi Januari 1963 serikali ya India ilikuwa na shida ya fedha za kigeni. Ilikuwa imetoka katika vita na China mwaka uliotangulia. Waziri wa Fedha, Morarji Desai, alitoa amri kwamba masonara wasitengeneze mapambo ya zaidi ya karati 14. Nia ilikuwa kupunguza dhahabu inayonunuliwa kutoka nje. Lakini nani atamwoza binti yake kwa karati 14, wakati bibi yake alivaa 22? Watu hawakuitaka. Masonara wengi walikosa kazi, na dhahabu ikapita kwa siri. Baadaye sharti la karati 14 liliondolewa. Ikafuata sheria nyingine ya kudhibiti dhahabu mwaka 1968, nayo ikafutwa mwaka 1990.

Sasa tazama yaliyotokea baadaye. Mwezi Julai 2025 India hiyo hiyo iliingiza karati 9 katika orodha ya dhahabu inayopigwa alama rasmi ya serikali. Safari hii hakuna aliyeamrishwa kuivaa. Watu wenyewe, hasa vijana, walikuwa wanatafuta kitu wanachoweza kukilipia. Yale ambayo amri ya waziri ilishindwa kuyafanya, bei imeyafanya.

MANENO YA BWANA RATNER

Uingereza nako kuna kisa. Alikuwako mfanyabiashara aitwaye Gerald Ratner, mwenye mamia ya maduka ya mapambo. Maduka yake yaliuza bei nafuu sana. Mtu aliweza kupata jozi ya vipuli vya dhahabu kwa chini ya pauni moja. Dhahabu ilikuwa ya karati ndogo na nyembamba mno. Kazi zake zilijaa wateja, na tajiri akazidi kutajirika.

Mwezi Aprili 1991 alialikwa kuhutubia wakubwa wa biashara mjini London. Katika hotuba alitaka kuwachekesha. Alisema kuwa vipuli fulani vya maduka yake ni rahisi kuliko mkate wenye kamba ndani yake, na huenda mkate huo ukadumu kuliko vipuli. Juu ya bidhaa yake nyingine alitumia neno la matusi. Wasikilizaji walicheka.

Kesho yake magazeti yaliandika. Wateja wakasoma. Wakaacha kwenda. Thamani ya kampuni ilianguka kwa kiasi cha pauni milioni 500. Mwaka 1992 Ratner aliondoka katika kampuni, na mwaka 1993 kampuni ikabadili jina, ikaitwa Signet, ili watu wasahau.

Je, wateja hawakujua kuwa vipuli vya pauni moja ni hafifu? Walijua sana. Lakini kijana alikuwa amempa mchumba wake, na mtoto alikuwa amempa mama yake. Pambo rahisi si kosa. Walichokasirikia ni kusikia kuwa aliyewauzia anawacheka.

MADINI MENGINE

Kwa watu wengi wanaoacha dhahabu, kimbilio la kwanza ni fedha, na hili si jambo jipya. Wazee wanakumbuka vikuku na vidani vya fedha vya pwani na Oman. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitoka kwenye sarafu. Ilikuwako sarafu kubwa ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa, ambayo watu waliiita reale. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu iliendelea kupigwa kwa miaka mingi na kila moja iliandikwa 1780. Ilikuwa na uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu 6, sehemu 5 zilikuwa fedha. Masonara waliziyeyusha wakafua mapambo. Ndiyo maana katika lugha yetu fedha ni madini na fedha ni mapesa.

Oman wanawake walivaa fedha kwa vizazi vingi. Utajiri wa mafuta ulipoingia, hasa baada ya mwaka 1970, wakageukia dhahabu na fedha ikauzwa kwa watalii. Kwa hiyo mambo haya huenda na kurudi. Kule fedha ilikimbiwa kwa sababu watu wamepata, na kwingine inakimbiliwa kwa sababu dhahabu imepanda.

Huko Denmark, mwaka 1982, lilifunguliwa duka dogo la mapambo mjini Copenhagen lililoitwa Pandora. Mwaka 2000 lilianza kuuza bangili ya fedha ambayo mtu huongeza vidude kimoja kimoja, kwa siku ya kuzaliwa au harusi au kupata mtoto. Leo kampuni hiyo ina viwanda Thailand na huuza mapambo mengi kuliko karibu kampuni yoyote duniani, na mengi ni ya fedha. Haikumdanganya mtu kuwa ni dhahabu. Ni kweli kuwa fedha nayo imepanda. Oktoba 2025 ilipita dola 50 kwa aunsi. Lakini hata hapo dhahabu ilikuwa ghali kuliko fedha karibu mara 80.

Kisha iko shaba. Shaba tupu ni nyekundu. Ikichanganywa na zinki huwa ya manjano na hufanana sana na dhahabu, na hiyo ndiyo iliyomo ndani ya mapambo mengi ya kuchovya. Nayo ina heshima yake ya zamani. Katanga, huko Kongo, watu waliyeyusha shaba wakaifua misalaba iliyotumika kama fedha. Mkoa huo uliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Misafara ya zamani ilibeba nyaya za shaba kwenda bara, na watu walizizungusha mikononi na miguuni. Wamasai huning'iniza vipande vya alumini kwenye shanga, navyo humetameta mtu anapocheza. Hakuna aliyeviita dhahabu. Vilipendeza kwa jina lake vyenyewe.

Siku hizi kuna pia chuma kisichoshika kutu, kama cha vijiko vizuri. Ni kigumu, hakipauki, na kwa pete ya mtu wa kazi naona hakina mpinzani. Ubaya wake ni kwamba sonara hawezi kukipanua kwa urahisi kidole kikinenepa.

Mapambo mengi ya gulioni hutoka China. Uko mji uitwao Yiwu, wenye soko kubwa sana la bidhaa ndogo ndogo. Wafanyabiashara wetu hununua huko kwa jumla, mzigo hufika bandarini, huenda Kariakoo, na kutoka hapo hufika kwenye kanga ya gulioni.

NGOZI NA WATOTO

Shaba ikikutana na jasho huacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Haidhuru, huoshwa kwa sabuni. Nikeli ni jambo jingine. Watu wengine wakivaa kipuli chenye nikeli, sikio huwasha, huvimba na kutoa maji. Nchi za Ulaya zilitunga sheria mwaka 1994 kupunguza nikeli inayogusa ngozi. Sikio likiwasha, vua kipuli hicho, usibadilishe tundu.

Hatari kubwa zaidi ni risasi, ile ya kuundia chubwi za uvuvi, ambayo ni nzito na rahisi. Mwaka 2006, mjini Minneapolis huko Marekani, mtoto wa miaka 4 alimeza kidani kidogo chenye umbo la moyo, akafa. Kilipopimwa kilikuwa karibu risasi tupu. Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani. Asipewe mkufu wa rahisi kuchezea.

KUPIMA NA KUSOMA

Watu wana njia nyingi za kupima dhahabu, na baadhi hazifai. Kuuma kwa meno huharibu meno. Sumaku husaidia kidogo tu. Kitu kikivutwa na sumaku, jua kuwa si dhahabu safi. Lakini kisipovutwa bado hujajua lolote, kwa kuwa shaba na fedha nazo hazivutwi.

Jiwe jeusi na tindikali ni kazi ya sonara. Tindikali huunguza, usijaribu nyumbani. Ila kumbuka yale aliyofanya sonara wa jirani yangu: aliikwangua bangili kwanza. Dhahabu ya kuchovya ni nyembamba mno. Mara nyingi unene wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya unywele. Mtu akisugua juu juu atapima ngozi, asipime nyama. Bangili nzima ya namna hiyo haina hata sehemu moja ya kumi ya gramu ya dhahabu. Ndiyo maana baada ya miezi ya kuvaa, kuosha vyombo na kuoga, rangi hubanduka pale inaposuguliwa sana.

Njia ya maji mnaweza kuijaribu darasani. Dhahabu ni nzito kuliko shaba. Kwa uzito ulio sawa, bangili ya shaba ya manjano hujaza nafasi mara mbili ya bangili ya dhahabu ya karati 22. Jaza glasi maji hadi ukingoni, uiweke ndani ya bakuli kavu. Tumbukiza bangili polepole kwa uzi. Yatakayomwagika yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usome namba. Ikiwa bangili ina gramu 20, dhahabu ya karati 22 itamwaga kama mililita 1, na shaba itamwaga zaidi ya mililita 2. Kwa kipuli kidogo njia hii haifai, kwa kuwa tone moja tu litawachanganya. Wala haifai kwa kitu chenye tundu ndani au chenye kito.

Sasa turudi kwenye bangili ya jirani yangu. 18K tumeijua. Herufi GP zilizofuata maana yake ni kuwa dhahabu hiyo ya karati 18 imechovywa juu tu. Herufi GF zina maana ya tabaka nene zaidi lililobanwa juu ya madini mengine. Hudumu zaidi, lakini bado si dhahabu ndani. Alama hizi ni ndogo kuliko punje ya ufuta. Ziko ndani ya pete, kwenye kifungo cha mkufu, au nyuma ya kipuli. Mwombe muuzaji lenzi. Akikosa lenzi, toka nacho juani.

Alama peke yake haitoshi, maana mwongo naye ana nyundo na chapa. Ndiyo maana unahitaji stakabadhi, na unahitaji kuisoma kabla ya kutoa fedha. Iwe na jina la madini, karati, uzito kwa gramu, bei na jina la duka. Maneno "rangi ya" yakitangulia neno dhahabu, unanunua rangi. Kisha piga hesabu. Tuseme gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000. Mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una dhahabu gramu 7 na nusu. Dhahabu hiyo pekee ni shilingi 2,250,000, na bado hujamlipa fundi. Mtu akikuuzia mkufu huo kwa shilingi 150,000 akakuapia kuwa ni dhahabu, hesabu imekwisha kukujibu.

Jambo moja tena kwa anayeweka akiba. Hata dhahabu ya kweli, siku ya kuiuza, sonara hulipa madini tu. Hakurudishii ujira wa fundi uliolipa ulipoinunua. Pambo la nakshi nyingi lina ujira mkubwa. Anayetaka akiba hununua bangili isiyo na nakshi. Anayetaka kupendeza anunue anachokipenda, hata cha gulioni.

Jirani yangu hakuitupa bangili yake ya pili. Huivaa sikukuu, na imeanza kuwa nyekundu upande wa chini. Akiulizwa, husema ni shaba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

Pete imeandikwa 585 na ina uzito wa gramu 4. Ina gramu ngapi za dhahabu safi?

Katika kijiji chenu, watu huweka akiba kwa vitu gani? Kipi huuzika upesi mtu anapougua?

Kama ungekuwa yule sonara, ungemwambiaje mama huyo? Kama ungekuwa yule mama, ungerudi dukani? Ungesema nini?

Leteni darasani pete, mikufu na vipuli mlivyo navyo. Someni alama zake kwa sauti.